Dirisha la Upande wa Mama

Mamangu ana baridi yabisi. Ilimwanzia vidoleni, ikapanda hadi kifundo cha mkono wa kushoto, na siku zikiwa mbaya hata kikombe cha kahawa hukishika kwa mikono miwili. Kila baada ya wiki mbili tunavuka kivuko cha Likoni kwenda kliniki upande wa kisiwani, Mombasa. Yeye hukaa kushoto kwangu, na kioo cha upande wake kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kushoto huohuo.

Anayeijua foleni ya kivuko mwezi wa Machi hahitaji kuelezwa. Kaskazi imeisha, kusi haijaanza, hewa imesimama, na lori lililo mbele yako linakupulizia moshi usoni. "Mwanangu, hebu nifungulia hiki kioo, joto laniua." Navuta breki ya mkono, nafungua mkanda, najinyoosha mbele yake, nazungusha. Dakika mbili baadaye lori languruma, moshi unaingia, kioo kifungwe. Siku moja nilimwona anajaribu mwenyewe, anausukuma ule mkono kwa kiganja maana vidole havikukunjika. Hakulalamika. Aliuma mdomo tu, akatazama nje. Niliporudi nyumbani usiku huo sikulala nikifikiria kioo.

Gari lenyewe ni Toyota Probox la mwaka 2012, liliingia bandarini 2019, na mimi ni mwenyewe wa pili hapa Kenya. Tangu zilipoanza kuundwa mwaka 2002, Probox ni gari la kazi. Huko Japani hununuliwa na makampuni kwa ajili ya mafundi wao na wasambazaji wa mizigo, na kampuni inayonunua magari hamsini kwa mpigo hailipii starehe. La kwangu ni daraja la DX, yaani la chini: vioo vya kuzungusha, milango ya kufungwa mmoja mmoja, redio ya masafa ya Kijapani yanayoanzia 76 na kuishia kabla ya stesheni zetu nyingi kuanza. Injini yake ya 1NZ, sentimita za ujazo 1,500, haijawahi kunitesa hata siku moja, na nalipenda gari hili. Nilitaka tu mamangu naye alipende.

Kwanza nilikosea. Nilimpelekea fundi mmoja, ambaye kwa vioo na milango alisifiwa mtaani, naye akaniuzia kile kifurushi cha mashine za dirisha zinazofaa gari lolote. Mashine hizo hufungwa juu ya meno ya ule mkono wa kuzungushia, kisha injini ndogo inazungusha badala ya mkono wako. Shilingi 7,500 pamoja na kazi, saa tatu tumemaliza. Mama alibonyeza, kioo kikashuka, akacheka. Mimi pia nilicheka.

Kilidumu miezi minne. Mwezi wa Mei mvua za masika ziliponyesha, zulia la upande wa mama likaanza kulowa. Kisha kioo kikawa kinapanda kwa kukokota. Halafu siku moja, tukitoka Ukunda, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilisimama pembeni ya barabara, nikachomoa waya wa betri kwa mikono mitupu, na nikaketi chini ya mnazi nikitetemeka, mama yuko pembeni ananiuliza kama tuko salama.

Nilipoufungua mlango mwenyewe, nyumbani, ndipo nilipoelewa. Waya mwembamba, wa kutosha labda kuwasha redio, ulikuwa umetwikwa mzigo wa injini mbili za dirisha. Fyuzi haikuwapo kabisa. Viungo vilikuwa vya kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi, na kwa joto letu ile gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na kuteleza kando. Ndani yake shaba ilikuwa imeota unga wa kijani. Sisi watu wa pwani tunaishi na chumvi hewani usiku na mchana. Shaba iliyoachwa wazi huku haimalizi mwaka. Na ile karatasi ya nailoni inayozuia maji ndani ya mlango fundi yule alikuwa ameichana nusu nzima ili mkono wake upite. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila siku, kupitia mdomo wa kioo, na hutoka kwa matundu ya chini. Hilo ni la kawaida, mlango umeundwa hivyo. Nailoni ndiyo inayoyarudisha maji yashuke huko. Bila hiyo yanamwagika kwenye zulia, na chini ya zulia kuna bati.

Shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi ya umeme wa meli, ndiye aliyeniambia neno lililobadilisha kila kitu. Tulikuwa barazani, tukinywa kahawa tungu, nami namweleza kwamba nimeamua kutafuta fundi bora kuliko yule. Akaniuliza, "Kwani shemeji, hao waliounda hili gari, hawakuliunda hata moja lenye vioo vya umeme?"

Waliunda. Daraja la GL lina vioo vya umeme milango ya mbele. Bodi ni ileile, milango ni ileile. Kumbe mtu anaweza kuchukua vitu vyote vya GL, akavitia kwenye DX, na gari likawa kama limetoka kiwandani hivyo. Hakuna waya wa kukatwa, hakuna tundu la kutobolewa. Na hili ndilo ninalotaka kulisema kwa kirefu, kwa sababu hakuna aliyeniambia mapema: kinachouzwa kama dirisha la umeme si ile mashine peke yake. Mashine ni kitu cha mwisho. Dirisha la umeme la kiwandani ni mashine, na swichi, na kishada cha waya wa mlangoni chenye plagi zake, na ule mpira wa bawabani ambamo waya hupita kutoka mwilini mwa gari, na rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na fyuzi yake, na gamba la ndani la mlango ambalo lina nafasi ya swichi na halina tundu la mkono. Ukinunua mashine ukaacha vingine, utalazimika kubuni, na kubuni ndiko kulikotufikisha kwenye moshi wa Ukunda.

Nilianza na bamba la namba lililo chini ya boneti. Lina namba ya fremu, na mbele yake maandishi ya modeli. La kwangu linaanza na NCP51. NCP50 ni ya injini ndogo ya 1,300, NCP55 huvuta magurudumu yote manne. Niliyaandika yote kwenye karatasi, nikaenda Mwembe Tayari kwenye maduka ya vipuri vya mtumba kutoka Japani.

Duka la kwanza waliniletea mashine mbili safi kabisa, bei nzuri, lakini plagi zake zilikuwa zimekatwa kwa koleo, vikibaki vipande vya waya vya urefu wa kidole. Wanaobomoa magari hukata kwa sababu kukata ni sekunde moja na kuchomoa ni dakika tano. Niliviweka mezani nikashukuru. Muuzaji alinishangaa: "Utaunganisha tu, bosi." Ndiyo, ningeunganisha, na kila kiungo kingekuwa mlango wa chumvi. Duka la tatu walikuwa na nusu ya mbele ya GL iliyokatwa, milango bado inaning'inia. Niliomba kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kuwaomba: wanifungulie kila kitu cha milango miwili, mbele yangu, bila koleo, pamoja na waya mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi. Kijana alikataa. Nikamwambia nitafungua mwenyewe, na nitamlipa kwa muda nitakaokaa. Nilishinda pale tangu saa nne mpaka alasiri, na ile siku moja ilinifunza zaidi ya kitabu chochote, maana nilipokuwa nikifungua la kwao nilikuwa najifunza kufungua langu. Nilipiga picha kila plagi kabla ya kuichomoa. Nililipa shilingi 16,500 na nikarudi Likoni na gunia.

Nyumbani nilivisafisha vitu vyote kwa siku tatu. Kila pini ya plagi niliisugua kwa mswaki, nikaipaka grisi ya silikoni kidogo ili chumvi isipate pa kushika.

Jumapili ya kwanza nikaanza na mlango wa mama. Nilikuwa na shauku, nilitaka amwambie jirani yake kabla ya magharibi.

Betri kwanza: nikafungua waya wa hasi, nikasubiri. Mfuko wa hewa wa usukani huhifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imetolewa, na maelekezo ya Toyota ni kusubiri angalau sekunde 90. Plagi za manjano utakazoziona chini ya dashibodi ni za mifuko hiyo ya hewa, na hizo hazikuhusu. Pitisha mikono mbali.

Kile kifurushi nilikuwa nimekwisha kukitoa na kuurudisha mkono wa kuzungushia kioo, na mkono huo hauna skrubu. Nilihangaika nao kwa bisibisi mpaka nikakwangua plastiki, ndipo shemeji akaleta kitambaa kikuukuu. Unakiingiza nyuma ya mkono, kati yake na gamba la mlango, unakivuta huku na huku kwa pande zote mbili, kama mtu anayesugua kiatu. Nyuzi za kitambaa hunasa ncha ya klipi ya waya iliyojificha huko ndani, na klipi huruka. Huruka kweli. Ya kwetu tuliisikia ikigonga ukuta na tukaitafuta nusu saa kwenye mchanga. Weka kiganja juu yake.

Gamba la mlango limeshikwa na vishikizo vya plastiki, na gari lililokaa juani Mombasa vishikizo vyake huvunjika kama biskuti, kwa hiyo nunua vipya kabla. Ile nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Fanya kazi hiyo asubuhi mapema, gundi ikiwa ngumu: ikate polepole kwa wembe kati ya gundi na bati, na itatoka nzima. Saa saba mchana itakuwa uji. Yangu ilikuwa imechanika tayari, nikatia ile ya GL.

Kioo kimeshikwa na bolti mbili za spana ya 10. Unakipandisha juu kabisa, unakibandika kwa tepu ya karatasi juu ya fremu ya mlango, kushoto na kulia, ndipo unalegeza. Mashine ya zamani ikatoka kwa tundu kubwa la mlango, ya umeme ikaingia kwa tundu lilelile, na nilipoipandisha mahali pake nikakuta matundu ya bolti yanasubiri. Nilisimama nikayatazama. Miaka yote ile matundu yalikuwepo, yamefunikwa na nailoni, kwenye mlango ambao mtu aliupitisha kwenye daraja la chini ili kampuni fulani iokoe yeni chache.

Kupitisha kishada cha waya kwenye mpira wa bawabani kulitula saa mbili. Mpira ni mgumu, tundu ni jembamba, na vidole viwili tu ndivyo vinavyofika. Sabuni ya kuoshea vyombo, imwage bila huruma, plagi itateleza.

Saa kumi jioni tulirudisha betri. Nikawasha swichi ya gari, nikamwita mama, akaketi kwenye kiti chake, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akanitazama kwa upole ule ambao ni mzito kuliko lawama, akasema, "Si kitu, mwanangu. Kesho pia ni siku."

Niliichukua mashine nikaipa umeme wa betri moja kwa moja: inazunguka. Nikapima plagi ya mashine kwa mita huku swichi imebonyezwa, upande mmoja kwenye waya, mwingine kwenye bati la gari: volti 12.4. Umeme upo, mashine nzima, kioo hakiendi. Mpaka usiku nilikuwa nabadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa.

Jumatatu jioni shemeji alikuja na balbu ya breki, ya wati 21, ameiunganishia waya mbili. Akasema mita inapima kwa kugusa tu, haibebi mzigo; balbu hukuambia kama umeme unaweza kufanya kazi. Akaweka waya mmoja wa balbu kwenye plagi, mwingine kwenye bati. Ikawaka, nyeupe. Kisha akautoa ule wa kwenye bati akauweka kwenye waya wa pili wa plagi ileile, pale mashine inapokaa. Giza.

"Umeme unaingia," akasema, "hauna pa kutokea. Swichi ya dereva iko wapi?"

Ilikuwa kwenye gunia. Nilikuwa nimeiweka kwa Jumapili ya pili, pamoja na mlango wangu.

Injini ya dirisha ina waya mbili tu. Ukitaka ishuke, mmoja unapewa chanya na wa pili unapewa hasi. Ukitaka ipande, vinabadilishana. Dirisha likiwa limetulia, zote mbili zimelala kwenye hasi. Lakini kwa mlango wa abiria, ile hasi haitoki mlangoni mwake. Inapita kwenye swichi yake, inavuka gari zima, inaingia ndani ya swichi kuu ya dereva, na huko ndiko inakoshuka kwenye bati. Ndiyo maana dereva anaweza kukiamrisha kioo chako. Ukiichomoa swichi kuu, dirisha la abiria linakufa hata kama kila kitu chake ni kizima. Tangu nijue hivyo nimewaokoa majirani wawili waliokuwa wameambiwa wanunue mashine mpya za upande wa kushoto, kumbe mgonjwa yuko kwenye mlango wa dereva, ndani ya swichi kuu.

Tuliipachika swichi kuu ikining'inia kwa waya zake, bila hata gamba la mlango. Shemeji akabonyeza upande wa mama. Kioo kikashuka kwa ule mlio mzito, wa taratibu, ambao ni tofauti kabisa na makelele ya kile kifurushi cha kwanza. Jumapili ya pili nilimaliza mlango wangu kwa saa tatu.

Milango ya nyuma sikuigusa, na si kwa kukosa pesa. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kivuko cha MV Harambee likaingia baharini hapa kwetu, na mama mmoja na binti yake wakafa maji. Ilichukua karibu wiki mbili kulitoa. Sisi wa Likoni hatuwezi kupanda kivuko bila kuiwazia siku ile. Mama aliponisikia nazungumzia milango minne, alisema, "Hini ya nyuma iwate. Ya mkono yafunguka hata bila stima." Nililifikiria sana neno lake. Umeme wa gari unaweza kuendelea kidogo ndani ya maji, unaweza kukatika papo hapo, na maji yakikikandamiza kioo hata mashine nzima huelemewa. Mkono wa kuzungushia una lake. Kwa hiyo nyuma nimeacha kama kiwanda kilivyoacha, mbele nimefunga nyundo ndogo ya kuvunjia kioo pembeni ya kiti changu, mahali ambapo mkono wangu unafika nikiwa na mkanda, na nyumbani kwetu ni sheria kwamba vioo vyote vinne vinashushwa kabla magurudumu hayajagusa chuma cha kivuko. Nyundo hiyo huvunja vioo vya pembeni. Kile cha mbele kina tabaka la plastiki katikati na hakivunjiki hivyo.

Na kuna jambo nililolisahau mpaka tulipovuka mara ya kwanza. Ndani ya kivuko injini huzimwa. Mvua ikaanza kunyunyiza, mama akabonyeza kufunga, kioo kikagoma, naye akanigeukia na macho ya Jumapili ile. Umeme wa madirisha hupitia swichi ya gari. Ufunguo ukirudi nyuma, rilei inaachia. Niliusogeza ufunguo hatua moja bila kuwasha injini, na kioo kikapanda. Sasa anajua. Akitaka hewa au akitaka kufunga, hunigusa goti, nami nausogeza ufunguo.

Jumatano iliyopita tulikuwa tunateremka kuelekea kivukoni, mpwa wangu wa miaka tisa nyuma. Kabla sijafungua mdomo nikasikia mlio wa mashine upande wa kushoto, na nyuma yangu mikono ya mtoto ikizungusha, kwanza kulia, kisha akatambaa kwenye kiti akaenda kuzungusha kushoto. Mama aliuweka mkono wake mbaya nje ya dirisha, kiganja juu, akauacha huko kwenye upepo mpaka tulipofika mbele ya foleni.